Kama kidole kinaweza, na TalkBack iweze

Wadau habari zenu. Leo nataka niongelee kitu ambacho madevelopa wengi wa hapa Dar tunakipita huku tukiamini tumeshakimaliza. Muulize mtu kama programu yake inatumika na mtu asiyeona, atakujibu ndiyo, kila ikoni nimeiwekea maelezo na kila picha ina lebo yake. Vizuri sana, na hiyo kazi lazima ifanyike, ila hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kitendo. Mtu akishasomewa kwamba hapa kuna oda, anaighairi vipi, anampigiaje mteja, anaisogezaje juu ya listi? Hapo ndo programu nyingi zinaishia njiani.

Mfano upo wa juzi juzi tu. Kuna jamaa tulikaa naye pale Sayansi, Kijitonyama, akanionyesha programu anayowatengenezea wauzaji wa jumla. Skrini kuu ni listi ya oda, kila oda ina kadi yake, ukiswaipu kushoto unaghairi, ukiswaipu kulia unaweka kwamba mzigo umeshatoka, ukishikilia kidole juu ya kadi inampigia mteja. Inapendeza kwa kweli na inateleza vizuri hata kwenye simu ya bei ya chini. Tukawasha TalkBack, ile programu ya Android inayomsomea asiyeona kwa sauti vilivyopo kwenye skrini. Ikasoma "Oda ya Mama Salma, kreti nne za soda, haijatoka", safi kabisa, lebo zake kaziweka kwa umakini. Akaswaipu kushoto ili aghairi, TalkBack ikampeleka kwenye oda ya nyuma. Akaswaipu kulia, ikamrudisha. Akagusa mara mbili na kushikilia, kimya. Yaani vitu vyote ambavyo muuzaji anavihitaji kwenye ile kadi, kwa mtu anayetumia TalkBack vilikuwa havipo kabisa, na hakuna sehemu yoyote ya programu iliyomwambia developa kwamba havipo.

Kinachotokea ni hivi. TalkBack ikiwa imewashwa kidole chako hakiongei tena na programu, kinaongea na TalkBack. Ukikipitisha kwenye skrini unasomewa kilichopo chini yake, ukiswaipu kulia unaenda kitu kinachofuata, kushoto unarudi nyuma, na ukigusa mara mbili TalkBack yenyewe ndo inaiambia programu ifanye kitendo cha kubonyeza kwenye kitu kile. Sio mguso tena, ni ombi. Ombi hilo kwenye Android lina jina lake, ACTION_CLICK, na linapita kwenye performAction, metodi ya Android inayopokea maombi ya namna hiyo. Kwahiyo ule msimbo wako mzuri unaopima kidole kimetembea pikseli ngapi kwenda kushoto hauitwi, kwa sababu hakuna kidole kilichoufikia. Kushikilia nako vile vile, kuna ACTION_LONG_CLICK na TalkBack inaituma ukigusa mara mbili na kushikilia, lakini inafanya kazi kama ulitumia setOnLongClickListener, njia ya kawaida ya Android ya kusikiliza kushikilia, na jamaa yangu alikuwa anasoma mguso mwenyewe ndani ya onTouchEvent, metodi inayopokea miguso ya kidole, ndo maana pakawa kimya.

Tangu Android 4.0 ya mwaka 2011 kila kitu kilichopo kwenye skrini kinajieleza kwa mfumo kupitia AccessibilityNodeInfo. Kinataja maandishi yake, aina yake, hali yake, na mwisho listi ya vitendo kinavyovikubali. Tunajaza vile vya mwanzo, listi ya vitendo tunaiacha ijijaze yenyewe. Na ikijijaza yenyewe inajua kubonyeza tu, hayo mengine uliyoyabuni wewe itayajuaje? Inakuwa kama mhudumu wa mgahawa anayekusomea menyu nzima kwa adabu afu haagizi chakula.

Na msifikiri ni habari ya wasioona peke yao. Mzee aliyepata kiharusi, kijana aliyeumia mkono kwenye ajali ya bodaboda, hawa wanaweza kuwa wanatumia Switch Access, yaani kitufe cha nje kimoja au viwili badala ya kidole, na Switch Access inasoma mti ule ule wa AccessibilityNodeInfo, yaani mkusanyiko wa maelezo hayo ya kila kitu cha kwenye skrini. Anayetumia kibodi ya Bluetooth naye hana cha kuswaipu. Hata testi zako za UI Automator, zana ya kujaribu programu bila mkono wa mtu, zinapita kwenye mti huo huo, kwahiyo ukiwaandalia watu hawa njia nzuri na roboti lako la testi linapata njia.

Wazo lenyewe sio geni hata kidogo. Waliosoma Java Swing chuoni, ile maktaba ya Java ya kutengeneza programu za kompyuta zenye madirisha na vitufe, ndani ya javax.accessibility kuna kiolesura kinaitwa AccessibleAction, kipo tangu Java 1.2 ya mwaka 1998, na kina metodi tatu za msingi. Ya kwanza inauliza una vitendo vingapi. Ya pili inauliza kitendo namba fulani kinaitwaje. Ya tatu inasema fanya kitendo namba fulani, na inarudisha kweli au si kweli kulingana na kama kimefanyika. Basi. JButton inajibu kwamba ina kitendo kimoja, kubonyeza. JSpinner, kile kisanduku cha kuchagua namba, inajibu viwili, kuongeza na kupunguza. Mi napenda sana ule mpangilio kwa sababu unakulazimisha ujibu maswali kwa utaratibu wake, vingapi, vinaitwaje, vinafanywaje, na ukishindwa kujibu swali la pili ujue hata wewe mwenyewe hujaelewa kitufe chako kinafanya nini. Microsoft kabla ya hapo, 1997, kwenye Active Accessibility, mfumo wao wa Windows wa kuwasiliana na programu za kusomea skrini, walikuwa na accDoDefaultAction, kila kitu kina kitendo chake kimoja cha kawaida na ndo kimetoka. Kwa zama zile za vitufe na menyu kilitosha. Kadi ya oda yenye mambo matatu haitoshei humo.

Sasa Android. Vitendo vya kujitengenezea mwenyewe vilikuja na Android 5.0 mwaka 2014, mwaka ule ule Apple nao wakaleta vya kwao, UIAccessibilityCustomAction, kwenye iOS 8. Kwahiyo hata zile simu za zamani zinazouzwa mtumba Kariakoo nyingi zinaviweza, kisingizio cha simu kuukuu hakipo. Kama bado uko kwenye View za kawaida, ile njia ya zamani ya kujenga skrini za Android, unatumia ViewCompat.addAccessibilityAction, unaipa view yako, jina la kitendo, na kazi ya kufanya ambayo mwisho inarudisha true. Kama umehamia Compose, ile njia mpya, unaandika customActions ndani ya semantics, sehemu ya kukieleza kitu kwa TalkBack na wenzake, kila kimoja ni CustomAccessibilityAction yenye jina na kazi yake. Ni mistari michache mno. Kwa jamaa yangu ilikuwa vitendo vitatu, "Ghairi oda", "Weka imetoka", "Mpigie mteja", na vyote vinaita kazi zile zile ambazo swaipu ilikuwa inaziita. Hapo pa kuita kazi zile zile nasisitiza, usiandike njia ya pili ya kughairi kwa ajili ya TalkBack, kwa sababu miezi miwili baadaye mtabadilisha njia ya kwanza, mtaongeza swali la "una uhakika?", na ile ya pili itabaki inaghairi bila kuuliza.

Nikampigia dada mmoja wa Mbagala, haoni tangu mdogo, anauza madera na vitenge kwa WhatsApp na biashara yake ni kubwa kuliko maduka mengi ninayoyajua. Yeye anaifanyisha TalkBack iongee kwa spidi ambayo mi sishiki hata neno moja, na kwenye daladala anavaa spika ya sikio moja tu ili la pili limsikie konda. Nilishampelekea programu nyingi na swali lake huwa moja, "Kaka, imeshanisomea, sasa nifanyeje nayo?" Nikampa simu yenye toleo jipya sikumwambia kitu. Akafika kwenye kadi, TalkBack ikamwambia kuna vitendo, akafungua menyu, akavikuta vitatu, akaghairi oda ya majaribio, akaendelea. Ila akaniuliza jambo ambalo sisi hatukuliwaza, kwamba baada ya kughairi yeye sasa yuko wapi? Kadi imefutika, na TalkBack ilikuwa imemrusha juu kabisa ya skrini.

Hilo linanipeleka kwenye kitu ambacho kwa maoni yangu ni kigumu kuliko kitendo chenyewe, nacho ni kinachofuata baada ya kitendo. Mtu anayeona anaona kadi inateleza inapotea, anajua imeondoka. Asiyeona anahitaji mambo mawili, ajue imefanyika na ajue amesimama wapi. La kusimama, ukifuta kadi ipeleke fokasi, yaani pale TalkBack ilipo, kwenye kadi inayofuata, kama hakuna basi iliyotangulia, usiuachie mfumo ubahatishe. La kujua imefanyika, wengi tulizoea announceForAccessibility, unaipa sentensi inasomwa, lakini kwenye Android 16 ya 2025 Google wameshaiweka kwenye vitu vya kuachwa na mi naona wamefanya sawa, maana watu walikuwa wanaitumia kupiga kelele kwa kila kitu. Badala yake, kama kilichobadilika ni hali ya kitu, mfano oda kutoka "haijatoka" kuwa "imetoka", tumia stateDescription iliyokuja na Android 11. Kama kilichobadilika ni maandishi sehemu nyingine ya skrini, mfano jumla ya pesa, ifanye ile sehemu kuwa live region, itasomwa yenyewe ikibadilika.

Afu kuna ile mistari ya chini inayotokea na kitufe cha "Tendua" inakaa kidogo inapotea. Kwa mtu anayeona ni sekunde chache zinatosha. Kwa mtu wa TalkBack mpaka asikilize sentensi iishe, mpaka aswaipu afike kwenye Tendua, imeshaondoka, na oda ya mteja wake imeondoka nayo. Tangu Android 10 mfumo una getRecommendedTimeoutMillis kwenye AccessibilityManager, unauliza tu mtumiaji huyu anahitaji muda gani unapewa jibu. Snackbar ya Material, yaani mstari huo ukiutoa kwenye maktaba ya Google, inaiuliza yenyewe. Hizi za kwetu tunazochora wenyewe ili zifanane na rangi za kampuni haziulizi kitu.

Majina ya vitendo. Lianze na tendo, liwe fupi, liseme matokeo. "Ghairi oda" ni jina. "Swaipu kushoto" sio jina, hiyo ni habari ya kidole na yule mtu hatumii kidole kwa namna hiyo. "Chaguo la 2" nimekutana nalo kwenye programu ya watu, sitaitaja, lakini jamani. Hata kile kitendo cha kawaida cha kubonyeza kipe jina, kwenye Compose ni onClickLabel tu ndani ya clickable, kwenye View ni replaceAccessibilityAction ya ACTION_CLICK, matokeo yake badala ya mtu kuambiwa aguse mara mbili kuwasha, kuwasha nini hata hajui, anaambiwa aguse mara mbili kufungua oda. Kitu kidogo ila ukikisikia mara mia kwa siku kina maana.

Kuna mtego mmoja kwenye majina nataka niukae kidogo, unahusu RecyclerView, kile kifaa cha Android cha kuonyesha listi ndefu. Kama mnavyojua kadi zile zile zinatumika tena na tena, oda ya Mama Salma ikitoka juu ya skrini kadi yake inapewa oda ya mwingine inayoingia chini. Sasa addAccessibilityAction ukiipa jina ambalo lipo tayari kwenye kadi inabadilisha kile cha zamani, shwari. Ila kama umeweka jina la mteja ndani ya kitendo, "Ghairi oda ya Mama Salma", kadi ikija kupewa Mzee Juma inaongezewa "Ghairi oda ya Mzee Juma" na kile cha Mama Salma kinabaki pale pale kikiwa hai, na kinaelekeza kwenye oda ya Mama Salma. Mtu yuko kwenye kadi ya Mzee Juma anakuta menyu ina kughairi kuwili. Hiyo ni hatari ya kweli kwenye biashara. Kwahiyo majina yasibadilike, jina la mteja limeshasomwa kwenye kadi halina haja ya kurudiwa, na kama ni lazima libadilike basi hifadhi ile namba unayorudishiwa na ukiingiza data mpya ondoa cha zamani kwa removeAccessibilityAction kwanza. Na ujue nafasi za hivi vitendo kwenye ViewCompat ni 32 kwa kila view, kadi inayokusanya majina bila kuyaondoa itazijaza. Kwenye Compose hilo halikusumbui, semantics inaandikwa upya pamoja na kadi.

Mtu ataniuliza, mbona nisiweke tu vitufe vitatu vinavyoonekana kwenye kila kadi, kila kimoja na lebo yake? Unaweza, na mara nyingine ndo bora. Lakini piga hesabu. Kadi yenyewe ni kituo kimoja, vitufe vitatu ni vituo vitatu, oda 20 ni vituo 80. Mtu anayetafuta oda ya kumi na tano aswaipu hamsini na kitu kabla hajafika. Ukiviweka vile vitufe viwe vitendo vya kadi, afu vitufe vyenyewe ukavitoa kwenye njia ya TalkBack, kwa View ni importantForAccessibility kuwa no, kwa Compose ni clearAndSetSemantics tupu, listi nzima inakuwa vituo 20. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Ila usije ukafanya nusu, ukavificha vitufe ukasahau kuweka vitendo, hapo umemfungia mtu nje kabisa. Na kwa programu ambayo watumiaji wake wengi ndo wanaanza na TalkBack, mi naacha walau kitufe kimoja cha "Zaidi" kwenye ukurasa wa ndani wa oda, maana menyu ya vitendo sio kila mtu ameshaizoea.

Vitu vya kuongeza na kupunguza navyo vina utaratibu wake. Kile cha idadi ya kreti, minus, namba, plus, kwa macho ni kitu kimoja na kwa TalkBack kiwe kimoja. Android inajua hicho ni kitu cha kiwango ukiipa RangeInfo, yaani namba ya chini, ya juu na iliyopo sasa, na ukakubali ACTION_SCROLL_FORWARD na ACTION_SCROLL_BACKWARD, na tangu Android 7.0 kuna ACTION_SET_PROGRESS ya kuweka namba moja kwa moja. Ukifanya hivo mtu anaongeza na kupunguza kwa vitufe vya sauti vya pembeni ya simu. Kwenye iPhone unakipa sifa ya adjustable afu unaandika accessibilityIncrement na accessibilityDecrement, mtu anaswaipu juu na chini. Ule mwendo wa juu na chini ndo huo huo VoiceOver, ambayo ndo TalkBack ya iPhone, inautumia kupitia vitendo vyako vingine, na ukitaka kuona vinavyotakiwa kuwa fungua programu ya Mail ya iPhone na VoiceOver ikiwa imewashwa, simama kwenye barua yoyote, swaipu chini, utasikia vitendo vya kufuta na vingine vinapita. Barua moja, kituo kimoja.

Kuburuta kupanga upya listi, hapo WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kufanya wavuti itumike na watu wenye ulemavu, iliyotoka Oktoba 2023 imeweka kabisa kipengele 2.5.7, kwamba chochote kinachofanyika kwa kuburuta kiwezekane pia kwa kugusa tu bila kuburuta, isipokuwa pale kuburuta kwenyewe ni lazima. "Sogeza juu", "Sogeza chini", "Peleka mwanzo". Vitatu hivo vinatosha karibu listi zote nilizokutana nazo.

Lile onyo la njano la Android Studio, ClickableViewAccessibility, linalokuja ukiandika onTouchEvent bila kuita performClick, metodi ya kubonyeza, naomba tuache kulizima kwa SuppressLint. Lile onyo halikusumbui wewe, linamsemea mtu ambaye hayupo ofisini kwenu. Ita performClick pale mguso unapoishia, weka kazi yako humo, na TalkBack inapata njia ile ile.

Pesa sasa, maana Bongo kila programu mwisho wake ni pesa. Kuna programu moja ya fedha, siitaji, ukiwasha TalkBack inajifunga na kukwambia kuna huduma hatari kwenye simu yako. Naelewa wanachokiogopa, kuna programu za wizi zinazojifanya huduma za accessibility, yaani za kuwasaidia watu wenye ulemavu, ili zisome skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yako, hatari ipo kweli. Lakini kumfungia nje kila asiyeona ili kumzuia mwizi sikubaliani nako kabisa, maana maana yake huyu mtu akatafute mwingine amwambie PIN yake amtumie pesa, na hapo ndo umemweka kwenye hatari yenyewe. Android 14 ya 2023 imeleta accessibilityDataSensitive, unaiweka kwenye sehemu nyeti tu, salio, kitufe cha kutuma, na huduma ambazo hazijatambulishwa kama vifaa halisi vya watu wenye ulemavu hazitaziona, TalkBack inaendelea kuona. Tanzania tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na ule mkataba kwenye ibara ya 9 unataja teknolojia ya habari na mawasiliano waziwazi. Watu wa bidhaa kwenye kampuni za fedha nawaomba hili mlifungulie faili.

Kwenye wavuti sitakaa sana. Tumia button. Ile ya HTML, ya kawaida. Ukichukua div, kile kisanduku kitupu cha HTML, ukaipa onclick haina fokasi, haisikii Enter wala Space, na ukiibandika role ya button umeitangaza tu kuwa kitufe, kazi ya kuwa kitufe bado hujaifanya, mpaka uongeze tabindex ili kibodi iifikie na uandike mwenyewe kusikiliza vitufe vya kibodi. Na kama ukurasa ni wa Kiswahili andika lang="sw" pale juu, sauti ya Kiingereza ikisoma "ghairi" hata mimi siielewi.

Kuhusu kupima, Accessibility Scanner ya Google ni nzuri na iendesheni, itakukamatia lebo zinazokosekana, vitufe vidogo chini ya dp 48 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa kwenye skrini), rangi zinazofifia. Lakini haiwezi kujua kwamba kuswaipu kadi yako kunaghairi oda, kwa sababu hakuna palipoandikwa. Programu ya jamaa yangu mwanzo haikuwa na lebo iliyokosekana hata moja. Kwahiyo njia ninayoitumia ni ya mkono, naandika pembeni kila kitu kidole kinaweza kufanya kwenye skrini ile, kuswaipu, kushikilia, kuburuta, kugusa kwa vidole viwili, afu nawasha TalkBack nafunika skrini na kitambaa napita kimoja kimoja. Kisichofanyika nakiandikia testi kwanza, kwenye Compose testi inaangalia SemanticsActions.CustomActions ya kadi na ikikosa jina ninalolitaka inafeli, ndipo nakitengeneza. Hivo hata akija developa mwingine akibadilisha kadi, testi itamwambia kabla ya dada wa Mbagala hajaniambia mimi.

Kilichobaki kwenye ile programu ni chati ya mauzo ya wiki, nguzo saba zilizochorwa kwenye Canvas moja, yaani eneo moja la kuchorea, na ukigusa nguzo inafungua oda za siku ile. Kwa TalkBack sasa hivi ni picha moja yenye jina "Chati". Hapo tunaenda kutumia ExploreByTouchHelper, inakuwezesha kutengeneza vitu vya kufikirika ndani ya view moja, kila nguzo ijisome "Jumanne, laki tatu na nusu" na kila moja iwe na ACTION_CLICK yake ya kufungua siku. Tunaanza nayo wiki ijayo, na kama kuna mtu ameshaifanya kwenye chati inayosogea kwa kuswaipu aniandikie hapo chini, pale pa kubadilisha wiki bado tunabishana kama iwe kitendo cha chati nzima au vitufe viwili pembeni.